New Orleans: mji wenye uwanja wa jina letu

Juma hili tunawaalika katika safari isiyodai viza wala tikiti. Tunaenda New Orleans, mji wa zamani wa Marekani, kando ya mto Mississippi, katika jimbo la Louisiana. Watoto wetu wanapoitazama Marekani kwenye televisheni, wanaona magorofa na magari. Hawajui kama huko kuna uwanja wenye jina la Kongo, na kwamba wamama wachuuzi walishiriki kuutia uhai. Ni vizuri walisikie jambo hilo kwetu sisi wazazi.

Wafaransa walianzisha mji huo mwaka 1718, wakauita La Nouvelle-Orléans. Baadaye Wahispania waliutawala, na mwaka 1803 Ufaransa iliuuza kwa Marekani pamoja na nchi yote ya Louisiana. Mpaka leo wageni wanapenda kutembelea kartie ya Wafaransa. Nyumba nyingi za kwanza ziliungua katika mioto ya 1788 na 1794, na mji ukajengwa upya chini ya Wahispania. Huko utaona baraza za juu zenye chuma kilichosukwa kama lesi, kanisa kuu la Mtakatifu Louis, na mbele yake uwanja wa Jackson. Ukitaka kuona mitaa mingine bila kuchoka miguu, kuna tramu ya St. Charles. Njia yake ilifunguliwa mwaka 1835, na tramu ingali inapita.

Lakini uzuri huo usitusahaulishe. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861, New Orleans ulikuwa soko kubwa kuliko yote Marekani la kuuza watu. Mama aliweza kuuzwa upande mmoja na mtoto wake upande mwingine. Tunapowaambia watoto habari za mji huu, tusiwafiche jambo hilo.

Sasa tutoke kartie ya Wafaransa, tuvuke barabara moja kubwa, tuingie kartie ya Tremé. Ndipo ulipo uwanja wa Kongo, ndani ya bustani yenye jina la Louis Armstrong. Zamani, sheria ya Wafaransa ilikataza kuwafanyisha watumwa kazi siku ya Mungu. Basi siku hiyo walikusanyika, na mwaka 1817 wakubwa wa mji waliamuru wakusanyike mahali pamoja tu. Wakawa wanapiga ngoma, wanaimba na kucheza michezo ya kwao. Si wote waliotoka kwetu. Wengi walitolewa Senegambia, wengine pande za Benin, wengine pande za Kongo na Angola. Lakini jina lililobaki ni la Kongo. Kwa muda mrefu mji uliupa uwanja jina la jenerali mmoja wa vita, na watu wakazidi kuuita Kongo. Mwaka 2011 mji wenyewe uliurudishia jina hilo rasmi.

Siku ya Mungu pale hapakuwa na ngoma tu. Palikuwa pia soko. Wanawake waliuza mazao ya mashamba yao madogo, vyakula na vitumbua vya mchele. Wakati wa Wahispania sheria iliruhusu mtumwa kujikomboa kwa feza, na kuna wanawake waliolimbikiza senti za biashara yao mpaka wakajinunua wenyewe, kisha wakawanunua watoto wao. Mama anayeamka saa kumi za usiku kutengeneza mandazi ili alipe masomo ya watoto ataelewa habari hiyo bila kufasiriwa.

Hata chakula chao kinatujua. Sahani inayosifiwa kuliko zote mjini ni gumbo, mchuzi mzito unaoliwa na wali. Jina lake latoka katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, na linafanana na gombo, mboga yetu ya kuteleza. Jina lilivuka bahari pamoja na wapishi wake.

Mahali pa mwisho pa kutembelea ni shule. Tarehe 14 Novemba 1960, msichana mweusi wa miaka sita, Ruby Bridges, aliingia shule ya William Frantz, iliyokuwa ya watoto weupe tu. Ulikuwa mwaka ule ule wa uhuru wa nchi yetu. Mama yake, Lucille, ndiye aliyeshikilia aende, ingawa baba aliogopa. Polisi wa serikali kuu walimsindikiza kila siku, maana watu wazima walisimama njiani kumtukana. Wazazi wengi waliondoa watoto wao. Baba akapoteza kazi. Mwalimu mmoja tu, Barbara Henry, alikubali kumfundisha, na kwa mwaka mzima alifundisha darasa lenye mwanafunzi mmoja. Hakukosa siku, wala mtoto hakukosa.

Leo sanamu ya Ruby imesimama katika uwanja wa shule hiyo. Na jengo lilipotengenezwa upya, shule iliyoingia ndani yake ilikuwa na jina la lugha yetu: Akili.

Basi tufanye nini na safari hii? Katika vikundi vyetu tunaomba kila mama achague jioni moja juma hili. Mtoto mkubwa atafute New Orleans kwenye ramani ya daftari lake na aonyeshe wadogo bahari iliyo katikati. Siku mkipika gombo, waelezeni jina lake lilifika wapi. Kisha waulizeni: kwa nini watu walionyang'anywa kila kitu hawakukubali kunyang'anywa jina? Tusiharakishe kuwajibia. Na kama katika jamaa kuna msichana aliyeachishwa masomo kwa kukosa feza, tumkumbuke Lucille, tuketi pamoja kikundi kizima, tuone namna ya kumrudisha darasani kabla muhula haujaisha.