Kwa nini mwalimu mzee wa shule ya kanisa bado anashika chaki

Kila mtaa wa Bukavu, Goma, Butembo ao Uvira uko na mwalimu wake mzee. Alimfundisha baba, akamfundisha mtoto, na sasa mjukuu ameketi mbele yake katika darasa lile lile. Watu wanamuita "Mwalimu" tu, hata sokoni, hata kwenye kilio. Umri wa kupumzika umeshapita, lakini kila asubuhi yuko njiani na daftari lake la matayarisho kwapani. Wengi wanasema ni wito wa Mungu. Wito uko, hakuna anayekataa. Lakini kuna sababu nyingine pia, na hiyo inatoka katika historia ya mashule yenyewe.

Tunaziita shule za kanisa, kumbe kwa sheria ni shule za serikali zinazosimamiwa na kanisa. Wamisionari ndio walizijenga. Wakati wa Wabelgiji, shule za Wakatoliki zilipewa msaada wa pesa mapema, Waprotestanti wakangoja mpaka kisha Vita ya pili ya dunia. Mwisho wa mwaka wa 1974 Mobutu akazichukua zote. Somo la dini likatolewa, mahali pake pakaingia mafundisho ya siasa ya chama cha MPR. Mambo hayo hayakudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu walijiunga baadaye. Kutoka hapo ndipo jina "konvansione" lilipozaliwa, na ndiyo maana kwenye kibao cha shule unasoma E.P. ao Institut, kisha jina la jumuiya: 3e CBCA, 5e CELPA, 8e CEPAC na nyingine.

Mkataba uligawa kazi. Serikali inalipa mwalimu, inatoa programu na kutuma mainspekta. Kanisa linasimamia shule kila siku, linachagua walimu na wakubwa wa shule, linachunga mwenendo wao na kufundisha dini. Kwenye karatasi ni vizuri. Kwa mwalimu, maana yake ni kwamba yuko na wakubwa wawili. Akikosa mshahara, koordinasyo inamwambia aulize serikali. Akisimamishwa juu ya mambo ya ndoa yake, serikali inamwambia ni mambo ya kanisa.

Tuchukue mwalimu aliyeanza kazi mwaka wa 1978, kijana wa miaka 20 hivi. Amesimamisha watoto mbele ya bendera tatu: ile ya kijani ya Zaïre, ya bluu yenye nyota saba iliyokuja 1997, na ya sasa iliyoanza 2006. Amelipwa kwa makuta na zaïre, kisha zaïre mpya ya mwaka 1993, kisha franka ya Kongo tangu 1998. Kila pesa mpya ilikuta ile ya zamani imeshakuwa karatasi tu. Alifundisha wimbo wa taifa mmoja, akarudia kufundisha ule wa kwanza. Kile ambacho hakikubadilika ni sala ya asubuhi na kazi ya darasa la kwanza: kumfundisha mtoto anayesema Mashi, Kinande ao Kifuliru nyumbani, asome kwanza kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kimungoje mbele. Kazi hiyo inaomba uvumilivu ambao mwalimu kijana, ukweli usemwe, hana kila mara.

Mshahara ulivunjika kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walimu waligoma, mwaka wa masomo ukaharibika, serikali ikanyamaza. Hapo ndipo maaskofu Wakatoliki waliomba wazazi wachange ili watoto warudi darasani. Mchango huo ndio "prime". Ulitakiwa kuwa dawa ya muda mfupi. Ulidumu zaidi ya miaka 25. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003, wakati mshahara wa Kinshasa ulikuwa haufiki huku Mashariki, ni prime ndiyo ilifungua mashule. Mama wa kuuza fretini ndiye aliyelipa mwalimu. Na mtoto ambaye mama yake alikosa alifukuzwa darasani, mara nyingine na mwalimu huyo huyo aliyekuwa anaimba naye siku ya mungu.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni bure. Jambo hilo lilianza kutendeka Septemba 2019. Watoto walifurika, mabanki yakajaa, wengine wakakaa chini. Prime ikakatwa katika shule za msingi. Kijijini mwalimu hakupoteza sana, juu hata zamani wazazi walilipa kwa shida. Mjini ni tofauti: kuna walimu wa shule kubwa za kanisa ambao prime yao ilipita mshahara, na serikali haikufidia yote. Kisha, mwaka wa 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zikafungwa, na kufikia mshahara kukawa safari nyingine tena.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Mwalimu huyu akiacha kazi kwa mapenzi yake, jina lake linaweza kutoka kwenye listi ya malipo, na pesa ya mwisho wa kazi isionekane. Wenzake wamemtangulia, amewaona wanazeeka wakingojea. Basi anabaki, juu mshahara mdogo ni bora kuliko bahasha isiyofika. Na nyuma yake kuna kijana aliyemaliza masomo, anafundisha miaka bila namba ya malipo, wale wanaoitwa "nouvelles unités". Mzee hampokonyi kijana kwa ubaya. Mlango wa kutokea umefungwa, kwa hiyo wa kuingilia nao haufunguki.

Kwa mwalimu aliye karibu kumaliza, kazi kubwa ni karatasi, na inafaa zitafutwe angali kazini: barua ya kwanza ya kuajiriwa, karatasi za kila shule alipohamishwa, namba yake ya kazi, na barua za kupandishwa cheo. Vita na moto viliteketeza mafaili mengi. Kopi ibaki nyumbani, nyingine koordinasyo, nyingine sous-division. Jina liandikwe namna moja kila mahali. Wale walioanza wakati majina ya kikristo yalikatazwa, tangu 1972, mara nyingi wako na jina moja kwenye diploma na lingine kwenye kadi ya uchaguzi.

Na ndoa. Walimu wengi wa shule za kanisa walifunga ndoa mbele ya padri ao mchungaji, wakaona imetosha. Sheria ya familia haioni hivyo: ndoa ya kanisa peke yake haina nguvu ofisini kama haikuandikishwa kwa état civil. Siku mwalimu anakufa, mama aliyekaa naye miaka 40 anafika na cheti cha kanisa mkononi, na ofisi inamuomba kile cha komini. Kuandikisha ndoa kunawezekana wakati wote wawili wangali hai.