Nyuso Machoni pa Mgonjwa wa Skizofrenia

Mwaka 1908 Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, alibuni jina la skizofrenia. Sisi tuliozoea kumwita mgonjwa huyo mwehu ni nadra kujiuliza yeye hutuonaje. Ndani ya ubongo imo sehemu ndogo mfano wa lozi, amigdala, ipimayo hatari usoni mwa mtu. Picha za ubongo zimeonyesha kuwa kwa baadhi ya wagonjwa sehemu hiyo huchachamaa hata mbele ya uso usio na hasira wala furaha. Jirani apitaye kimya, macho yake kwingine, huonekana anamkodolea yeye. Akifoka, si kiburi. Ameona alichoonyeshwa na ubongo wake. Dawa hupunguza sauti na dhana. Kusoma nyuso, aghalabu, hakurudi kwa dawa pekee: hufunzwa upya, taratibu.