Unaenda Lamu na Manda? Panga afya kabla ya kufunga mizigo

Mvulana wa miaka 9 aliletwa katika kliniki yangu hapa Kitisuru siku ya 12 baada ya familia yake kurejea kutoka Lamu. Alikuwa na homa kali, kichwa kilimuuma na alikuwa akitapika. Mama yake alidhani ni mafua yaliyoletwa na baridi ya Nairobi, akampa Panadol kwa siku 3. Damu ilipopimwa, malaria ikaonekana. Mtoto alilazwa siku hiyo hiyo na, tunashukuru, akapona.

Wazazi wake walikuwa wamepanga likizo kwa makini: tiketi za ndege hadi uwanja ulioko kisiwani Manda, mashua ya kuwavusha hadi Lamu, na chumba cha kulala Shela. Hawakukumbuka kupanga afya. Ikiwa nawe unanuia kuzuru visiwa hivyo viwili, zingatia mambo yafuatayo.

Kwa nini sisi wa Nairobi tumo hatarini?

Nairobi iko juu sana kutoka usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha kijidudu cha malaria kukomaa ndani ya mbu. Kwa sababu hiyo, watoto wengi waliozaliwa hapa hawajawahi kuugua malaria, na miili yao haina kinga yoyote dhidi yake. Pwani, Lamu ikiwemo, ugonjwa huu upo mwaka mzima na huongezeka baada ya mvua.

Wako wagonjwa wanaoniambia, "Daktari, mimi nilizaliwa Siaya, malaria hainitishi." Hilo ni kosa. Kinga anayopata mtu kwa kuumwa na mbu mara kwa mara hupungua akikaa miaka mingi bila kuumwa. Ukiishi Nairobi muda mrefu, jihesabu kama mgeni.

Dawa za kuzuia

Mwone daktari wiki 3 au 4 kabla ya kusafiri. Klorokwini waliyoizoea wazee wetu haifai tena, kwani kijidudu kimekuwa sugu kwayo. Siku hizi zipo dawa tatu za kuchagua. Mchanganyiko wa atovakuoni na proguanili humezwa kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya safari hadi siku 7 baada ya kurudi. Doksisaiklini pia humezwa kila siku, lakini huendelea kwa wiki 4 baada ya kurudi. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka 8 wasipewe. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, kuanzia wiki 2 au 3 kabla ya safari hadi wiki 4 baada ya kurudi, nayo haimfai mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili. Usijichagulie mwenyewe dukani. Mama mjamzito aulize kwanza kama safari yenyewe inaweza kuahirishwa, kwani malaria humdhuru yeye na mtoto aliye tumboni.

Dawa pekee haitoshi. Mbu wa malaria huuma usiku, basi lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, vaa mikono mirefu jua likitua, na jipake dawa ya kufukuza mbu.

Mbu wa mchana

Yuko pia mbu aumaye mchana, anayezaliana katika maji safi yaliyohifadhiwa nyumbani. Mwaka 2004, wakati wa ukame, mbu huyo alieneza chikungunya kisiwani Lamu. Ilikadiriwa kwamba robo tatu ya wakazi waliambukizwa, wengi wakiumwa viungo kiasi cha kushindwa kutembea. Kufikia mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa umefika Komoro na Réunion. Kwa hivyo jipake dawa ya mbu hata asubuhi, na hakikisha mapipa na mitungi ya maji mahali unapolala imefunikwa.

Maji na jua

Watalii wengi hupenda kuvuka hadi Manda kuona magofu ya Takwa. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na uhaba wa maji matamu hutajwa miongoni mwa sababu. Nawe usiende huko mikono mitupu. Mashua hupita mkondo wa mikoko maji yakijaa, na ukichelewa unaweza kungoja juani kwa saa nyingi. Beba maji ya kutosha yaliyochemshwa au ya chupa, kofia, na pakiti chache za ORS kwa anayehara. Kabla ya kupanda mashua, hakikisha kila mmoja, hata mtoto, amevaa jaketi la kujiokolea.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu abebe dawa za siku zote za safari na za siku chache zaidi, ndani ya mkoba wa mkononi. Insulini isiachwe juani.

Ukirudi nyumbani

Hapa ndipo wengi hukosea. Malaria kwa kawaida hujitokeza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati mtoto yuko darasani tena na mchanga wa Shela umekwisha kukung'utwa viatuni. Homa yoyote katika miezi 3 baada ya kurudi, hata kama ulimeza dawa za kuzuia, nenda ukapimwe damu siku hiyo hiyo. Kabla daktari hajakuuliza, mwambie: "Nilikuwa Lamu." Tabibu wa Nairobi aonaye mafua kutwa asipoambiwa hivyo huenda asiwaze malaria.

Yule mama aliniambia kwamba wakifunga shule mwezi Desemba watakwenda tena. Nilimjibu waende, ila waje kwangu kwanza mwezi Novemba. Nawe pia, msomaji, safari njema.