Prosesa mbili katika tarakilishi moja: Mpango wa zamani unaoishi ndani ya simu

SIMU ambayo mkazi wa Msambweni hutumia kupokea pesa za M-Pesa, au kupigia picha ufuoni Diani, haina ubongo mmoja. Katika simu nyingi za kisasa, prosesa moja hushughulikia mawimbi ya mtandao huku nyingine ikiendesha programu na kiwambo, hata pale zote zinapowekwa katika chipu moja.

Mpango huo si mgeni. Ulikuwepo katika BBC Micro, tarakilishi ya nyumbani na shuleni iliyozinduliwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, mnamo Desemba 1981.

Prosesa yake, 6502, ilikuwa na kasi ya megahezi 2. Kumbukumbu ya Modeli B ilikuwa kilobaiti 32 pekee, na michoro mingine ya kiwambo ilimeza 20 kati ya hizo. Programu ikabaki imebanwa.

Badala ya kuitupa mashine, mwenyewe aliweza kununua kisanduku chenye prosesa ya pili ya megahezi 3 na kumbukumbu yake ya kilobaiti 64. Alikiunganisha kwa waya kupitia njia iliyoitwa Tube.

Ili kuelewa, tuchukue mkahawa wa Ukunda wenye wafanyakazi wawili. Mmoja hukaa mbele, akipokea maagizo na kupeleka sahani mezani. Wa pili yuko jikoni, kazi yake ni kupika tu. Kati yao pana kidirisha. Hakuna anayeingilia eneo la mwenzake, wala hawagombanii mwiko mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa. Prosesa ya awali iligeuka mhudumu wa kibodi, kiwambo, diski na printa. Ile mpya ikaachiwa hesabu. Kila moja ilikuwa na kumbukumbu yake. Kidirisha kilikuwa chipu ya Tube, iliyoshikilia taarifa hadi upande wa pili uwe tayari kuzichukua. Kwa hivyo, tofauti ya kasi haikuleta mgongano.

Si kila mashine yenye prosesa mbili ilifanya hivyo. Commodore 128 ya mwaka 1985 ilikuwa nazo, lakini zilipokezana zamu.

Ni kupitia Tube ambapo, Aprili 26, 1985, prosesa ya kwanza ya ARM, iliyobuniwa na Sophie Wilson na Steve Furber, ilifanya kazi ikiwa imeunganishwa na BBC Micro. Kizazi chake ndicho kimo katika karibu simu zote za kisasa.

Kwa mtumiaji, somo ni hili: simu inayofungua picha vizuri lakini haishiki mtandao haijafa. Mpishi angali kazini. Huenda kasoro iko kwenye laini, antena au sehemu ya mawimbi. Kabla ya kutoa maelfu ya shilingi kununua nyingine, ni heri fundi aulizwe ni upande upi uliogoma.