Kutembea, Kukabwa na Kupigana Usingizini

Usingizi wa usiku mmoja huenda kwa mizunguko, kila mzunguko ukichukua dakika 90 hivi. Ndani yake mna usingizi mwepesi, usingizi mzito, na usingizi wa ndoto ambao macho huchezacheza chini ya kope. Huu wa mwisho ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Usingizi mzito hutawala theluthi ya kwanza ya usiku. Wa ndoto hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Vituko vya usingizini hufuata ratiba hiyohiyo, na ndiyo maana daktari makini huanza kwa kuuliza: ilikuwa saa ngapi, na mwenyewe anakumbuka nini?

Mtoto amelala saa 2 usiku. Saa 4 anaketi ghafla, anapiga ukelele, jasho linamtoka na moyo unamwenda mbio. Macho yako wazi, lakini mama yake akimshika anamsukuma kama mgeni. Mtoto huyu haoti. Sehemu ya ubongo wake imeamka, ilhali sehemu ya mbele, yenye kazi ya kupambanua mambo, imebaki kwenye usingizi mzito. Baada ya dakika chache hulala tena, na asubuhi hana habari. Kutembea usingizini hutokana na kuamka nusu kwa namna hiyohiyo: mtu huinuka, hufungua komeo, pengine hutoka hadi uani. Hali zote mbili hurithiwa katika koo, na watoto wengi huziacha wafikapo balehe.

Wengi huamini kwamba anayetembea usingizini akiamshwa hufa. Si kweli. Ila akitikiswa kwa nguvu huchanganyikiwa na anaweza kupiga, kwa hiyo ni afadhali kumwongoza taratibu arudi kitandani. Kinachojeruhi ni mazingira: ngazi, dirisha lisilo na nondo, jiko lenye makaa, kitanda cha juu bwenini. Mwanafunzi mwenye hali hii apewe kitanda cha chini bila mjadala.

Tiba huanza kwa kutafuta kichocheo. Kukosa usingizi wa kutosha ndicho kichocheo kikubwa. Vingine ni homa, msongo wa mawazo, kibofu kilichojaa, na kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi. Baadhi ya dawa za usingizi nazo zimo: mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo la ngazi ya juu kabisa liwekwe kwenye zolpidem, kwa sababu watumiaji walikuwa wakitembea na hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Kwa mtoto anayeshtuka saa ileile kila usiku, wazazi humwamsha kidogo dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo, kwa wiki kadhaa, na mara nyingi mtindo huo huvunjika.

Ndoto mbaya ni jambo jingine: huja usiku mkubwa au alfajiri, na mwotaji huikumbuka. Dawa ya efavirenzi, iliyotumiwa miaka mingi na watu wanaoishi na VVU, ilijulikana sana kwa kuzileta. Zikikithiri, mgonjwa hufundishwa kuibadili hadithi ya ndoto mchana na kuirudia akilini kila siku.

Kukabwa na jinamizi pia hutoka katika usingizi wa ndoto. Wakati huo shina la ubongo huilegeza misuli ili mtu asiifuate ndoto kwa vitendo. Akili ikitangulia kuamka, mtu huona chandarua na ukuta wa chumba chake lakini hawezi kuinua kidole. Kifua humwelemea, na wengine huhisi kuna aliyewakalia. Hofu ya pepo aitwaye Popobawa ilipoenea Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wakilala nje kwa makundi, yaliyosimuliwa yalifanana mno na hali hii. Msuli mkuu wa kupumua haulegei, hivyo jinamizi haliui. Hupungua mtu akilala saa za kutosha na kuepuka kulala chali.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Misuli isipolegea, mwotaji hupiga ngumi, hurusha mateke na kuanguka kitandani, naye akiamshwa husimulia alikuwa akipigana na nani. Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota waliieleza hali hii mwaka 1986. Huonekana zaidi kwa wanaume waliopita miaka 50. Melatonini au klonazepamu huituliza, lakini mara nyingi ni dalili ya awali ya ugonjwa wa Parkinson au aina fulani ya kusahau uzeeni. Utafiti wa nchi kadhaa uliotolewa mwaka 2019, wenye wagonjwa 1,280, ulikadiria kuwa karibu robo tatu yao hufikia huko baada ya miaka 12. Mzee wa namna hii asichekwe. Apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu.

Kifafa cha usiku huiga yote haya. Hushukiwa tukio linapokuwa fupi, la mtindo uleule, likijirudia mara kadhaa usiku mmoja, au mtu akijing'ata ulimi. Anayelala karibu na mgonjwa arekodi video kwa simu, aandike na saa, kisha aende navyo kliniki, kwani mgonjwa mwenyewe hawezi kueleza asichokishuhudia.