Mafahali Wawili Katika Santuri Moja

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Je, watungaji wawili wa nyimbo, kila mmoja mwenye sifa zake, waweza kukaa katika santuri moja? Nitawaeleza wasomaji habari za wawili waliojaribu huko Marekani.

Wa kwanza ni Bibi Emmylou Harris, aliyezaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1947. Wa pili ni Bwana Rodney Crowell, aliyezaliwa Houston, Texas, mwaka 1950. Muziki wao huitwa kantri, ule ambao wengi wetu tuliujua kwa sauti ya Jim Reeves katika redio za wazee wetu. Asili yake ni nyimbo za watu wa mashamba wa kusini mwa Marekani, zenye gitaa, fidla na banjo. Tena banjo hiyo ilitoka kwa watu weusi waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika.

Mwaka 1975 Bibi Harris alitoa santuri iliyofunguliwa kwa wimbo wa Crowell, ambaye wakati ule alikuwa kijana asiyejulikana. Akamwita katika bendi yake apige gitaa na kumwitikia. Baada ya miaka michache Crowell akaondoka kutafuta njia yake, naye akawa mwimbaji mwenye jina. Lakini urafiki haukuvunjika. Mwaka 2013 wakatoa santuri yao ya pamoja, "Old Yellow Moon", yenye nyimbo 12. Ule wimbo wa mwaka 1975 umo pia, na safari hii mtungaji mwenyewe ndiye anayeuongoza.

Wanapatanaje? Katika nyimbo za namna hii mmoja hushika sauti kuu, na mwenzake hufuata juu au chini yake. Mara nyingi mmoja akiimba do, mwingine huimba mi. Huyo wa pili hana budi kuvuta pumzi pamoja na mwenzake, kumaliza neno pamoja naye, wala asimzidi nguvu. Kisha katika wimbo mwingine hubadilishana. Tena, ingawa wote ni watungaji, nyimbo nyingi za santuri hiyo ni za watu wengine. Walichagua wimbo ulio mzuri, hawakuuliza ni wa nani.

Mwaka 2014 santuri hiyo ilipata tuzo ya Grammy, na mwaka 2015 wakatoa ya pili, "The Traveling Kind".

Mimi ni mwimbaji katika kwaya yetu. Mwaka jana nilipoambiwa niache sauti ya kwanza niimbe ya pili, nilinuna juma zima. Nilidhani nimeshushwa. Sasa nafahamu kwamba sauti ya pili ndiyo kazi ngumu zaidi, maana yataka sikio kuliko koo. Basi mafahali wawili waweza kukaa zizi moja, ikiwa kila mmoja ajua zamu yake.