Maua ya Chungu na Maji Yake

Katika nyumba nyingi za Wakristo tumeona maua yaliyopandwa katika chungu au kopo, yamewekwa dirishani au barazani, nasi twafurahi kuyaona. Walakini tukirudi katika nyumba zile zile baada ya miezi mitatu, mara nyingi twakuta kopo tupu, na mwenye nyumba hutuambia, "Lilikufa, ijapokuwa nalilinywesha kila siku." Twamjibu kwa upole kwamba huenda hiyo ndiyo sababu.

Hatusemi hivi kwa kujisifu. Mama mmoja wa kanisa letu alitupa ua la Usambara, lile dogo lenye majani ya manyoya na maua ya zambarau. Tukalipenda mno. Asubuhi tulilitia maji, na jioni tena. Siku moja majani yakalegea. Tukadhani lina kiu, tukaongeza maji. Kesho yake yakalegea zaidi, nasi tukaongeza tena. Siku ya tano tulipolishika, shina likang'oka mkononi, limeoza, lanuka.

Jambo tusilolijua ni hili: mizizi nayo huvuta pumzi. Udongo mzuri una vijitundu vingi vyenye hewa. Maji yakivijaza siku zote, mizizi hukosa hewa, hufa, kisha huoza. Tena mzizi uliokufa hauwezi kunywa. Kwa hiyo majani hulegea kwa kiu ilhali udongo umejaa maji. Basi ua lililozama lafanana na ua lenye kiu, na mtu mwenye huruma huliua kwa huruma yake.

Macho hayatoshi, sharti kidole kiulizwe. Kitie udongoni mpaka kiungo cha kwanza. Kikisikia unyevu, ondoka, hata kama jana hukutia maji. Kikisikia ukavu, nywesha. Njia ya pili ni kuliinua kopo mara tu baada ya kunywesha, ukaujua uzito wake. Siku litakapokuwa jepesi mkononi, utajua bila kuuliza mtu. Walimu wanaowawekea watoto zamu ya kunywesha maua ya darasani twawaomba sana waiite zamu ya kutazama. Mtoto aliyepewa kazi ya kumwaga maji atamwaga, maana aogopa kuonekana mvivu.

Hilo ua la Usambara latufundisha mengi tukijua kwao. Huota katika misitu ya milima ya Tanga, kivulini, juu ya miamba, katika tabaka nyembamba ya majani yaliyooza. Hewa ya huko ina unyevu, lakini maji hupita juu ya mwamba yakaenda zake. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona akapeleka mbegu kwa baba yake Ulaya. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, akaliandika na kuliita Saintpaulia kwa heshima ya ukoo huo. Tangu hapo limeenea katika madirisha ya Ulaya na Marekani, na Wajerumani hulitaja kwa jina la Usambara mpaka leo. Twaona ajabu kwamba mgeni wa mbali alijua kulitunza, na sisi majirani wa milima ile tukalizamisha.

Basi mahali pake nyumbani ni karibu na dirisha lenye mwanga, pasipo jua kali. Kopo na liwe dogo, lenye matundu chini. Kopo la maziwa lisilotobolewa ni kisima, si chungu. Udongo uchanganywe na mchanga na majani yaliyooza. Maji yasiwe baridi, maana maji ya mtungi wa alfajiri yakiyaangukia majani ya ua hili huyaachia madoa yasiyotoka. Tumia maji yaliyolala chumbani, uyamimine pembeni mwa shina. Au uyatie katika kisahani chini ya kopo, uliache linywe kama nusu saa, kisha uyamwage yaliyobaki.

Uyamwage, twarudia. Maji yakikaa kisahanini, mbu hutaga humo, na katika siku 7 hadi 10 hivi viluwiluwi vyake huwa mbu warukao. Homa ya dengue, iliyowasumbua watu wa Dar es Salaam mwaka 2014, huletwa na mbu aumaye mchana, naye hupenda vyombo vidogo vya maji karibu na watu. Haifai pambo la nyumba liwalaze watoto kitandani.

Ndugu zetu wa pwani wenye visima vya maji ya chumvi wakinge maji ya mvua kwa ajili ya maua. Ukiona weupe umeshika juu ya udongo, hiyo ni chumvi. Mimina maji mema mengi kutoka juu, yapite yote yatoke chini.

Jambo jingine latuhuzunisha. Misitu ya Usambara imekatwa sana, na maua haya ya porini yamekuwa machache, mengine katika hatari ya kutoweka. Hifadhi ya Amani iliwekwa mwaka 1997 ili kuulinda msitu. Kwa hiyo mtu asiende mlimani kuyang'oa. Hana haja, kwa kuwa jani moja la jirani latosha. Likate pamoja na kikonyo chake, kirefu kama kiungo cha kidole, ulichomeke katika udongo wenye mchanga na unyevu kidogo, kivulini. Baada ya miezi miwili au mitatu vijimea hutokea chini yake. Vikipata nguvu, vitenge kila kimoja katika kopo lake.

Katika ua letu lililooza tuliokoa jani moja zima, tukafanya hivyo, tukapata vijimea vitatu. Kimoja tumempelekea yule mama aliyetupa la kwanza, wala hatukumficha jinsi lilivyokufa.